Maswali ya wasomaji: Faini ya meli ya uvuvi ioneshwe hesabu yake

Toleo lililopita niligusia kwa ufupi tu habari za meli za uvuvi wa kibiashara zinazotozwa faini, na barua zimemiminika: za manahodha, za wenye meli, za familia za mabaharia, na hata za wakaguzi. Nimefanya ukaguzi bandarini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kisha nikaketi kwenye jopo la rufaa za leseni, kwa hiyo nawajibu kwa kuyajua machungu ya pande zote mbili. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha.

Shikamoo Mama. Mimi ni nahodha wa meli ya mishipi mirefu. Tumekamatwa katika ukanda wa kiuchumi wa nchi ya kigeni, yaani eneo la bahari ambako nchi hiyo ndiyo yenye haki ya uvuvi, na sasa tumezuiliwa bandarini kwao. Leseni yao tunayo. Wanasema samaki waliomo ghalani hawalingani na kitabu cha kumbukumbu. Dhamana wanayotaka inakaribia thamani ya meli yenyewe, na nimeletewa karatasi ya kukiri kosa, naambiwa nikitia sahihi mambo yataisha upesi. Nitie?
*Nahodha aliyezuiliwa*

Marahaba mwanangu. Usitie. Kutia sahihi kwamba umepokea hati ni jambo moja, kutia sahihi kwamba umekosa ni jingine, na mara nyingi mambo hayo mawili huwekwa kwenye karatasi moja. Kama huwezi kuikwepa, andika kwa mkono wako pembeni ya sahihi: "Nimepokea, sijakiri kosa", weka tarehe na saa, na upige picha karatasi hiyo kabla haijatoka mikononi mwako. Karatasi ya kukiri iliyosainiwa na nahodha mwenye usingizi, katika lugha asiyoijua, nimeiona mezani pa rufaa zaidi ya nilivyopenda, na ni vigumu mno kuiondoa ikishaingia kwenye jalada.

Pili, rudi kwenye hesabu ya samaki. Wamekatwa vichwa na kutolewa matumbo? Kanuni nyingi hutaka kitabu kiandike uzito wa samaki mzima, kama alivyotoka majini, ilhali ghalani mko na samaki waliosafishwa. Katikati ya hizo namba mbili kuna kipengele cha kubadilishia uzito (namba ya kuzidishia), na kila aina ya samaki na kila namna ya kumsafisha ina chake. Tuseme kipengele ni 1.5 na ghalani mna tani 10 za samaki waliosafishwa: kitabu kinatakiwa kisome tani 15. Mkaguzi akipima ghala, akapata 10, akaandika kuwa tani 5 hazionekani, basi hakuna samaki hata mmoja aliyepotea, ni hesabu haikukamilishwa. Kuna na barafu inayowafunika samaki waliogandishwa, nayo ina uzito wake. Mwombe mkaguzi kwa maandishi aoneshe alitumia kipengele gani, alikitoa wapi, na barafu aliitoa kwa kiasi gani. Halafu kuna uvumilivu wa makadirio: kanuni ya udhibiti ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, kwa mfano, iliruhusu tofauti ya 10% kwa kila aina ya samaki, kwa sababu mtu anayekadiria uzito juu ya sitaha inayoyumba hawezi kupatia kama mwenye mizani ya nchi kavu.

Lakini nikuulize kitu, na jibu ubaki nalo wewe na wakili wako: tofauti hiyo ni ya uzito, au ni ya aina ya samaki? Kuandika samaki wa bei kubwa kwa jina la samaki wa bei ndogo si makadirio. Huo ni udanganyifu, na sitakusaidia kuutetea.

Hata ingekuwa hivyo, dhamana lazima iwe ya kadiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 73, unasema meli iliyokamatwa kwa makosa ya uvuvi katika ukanda wa kiuchumi pamoja na mabaharia wake waachiwe upesi dhamana ya kadiri ikishawekwa, na kwamba nchi iliyokamata iiarifu bila kuchelewa nchi ya bendera, yaani nchi ambako meli imesajiliwa. Kesi inayofanana sana na yako ni ya meli ya Kijapani Hoshinmaru, iliyokamatwa na Urusi mwaka 2007. Leseni ilikuwa nayo, kama wewe. Ilidaiwa kwamba tani 20 hivi za samoni wa thamani zimeandikwa kama samoni wa aina ya bei nafuu. Urusi ilitaka dhamana ya rubo milioni 25, ikashuka hadi milioni 22. Japani ikaenda Hamburg, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, na tarehe 6 Agosti 2007 mahakama ikapanga milioni 10. Hoja yake ndiyo nataka uishike: haikuona kuwa ni kadiri, kwa mazingira ya kesi ile, kupanga dhamana kwa kujumlisha adhabu za juu kabisa ambazo mwenye meli na nahodha wangeweza kupewa, wala kwa kuhesabu kana kwamba meli itataifishwa. Mwenye leseni aliyekosea katika kitabu hakulinganishwa na mwizi asiye na leseni.

Angalizo: wewe nahodha huwezi kwenda Hamburg mwenyewe. Shauri la kuachiwa meli hufunguliwa na nchi ya bendera au kwa niaba yake, na kwa kifungu cha 292 linaweza kufika huko baada ya siku 10 za kuzuiliwa iwapo nchi mbili hazijakubaliana mahakama nyingine. Kwa hiyo mwenye meli apige simu ofisi ya usajili wa bendera leo hii. Kama bendera yenu ni ya kununua, ya nchi ambayo haijawahi kuwajua zaidi ya ada ya mwaka, hapo ndipo mtakapoona gharama ya bendera rahisi.

Mama, salaam. Nina meli moja tu ya kuburuta nyavu. Nimetozwa faini kwa kuingia eneo lililofungwa, sawasawa na kampuni yenye meli chungu nzima iliyofanya kosa lile lile wiki ile ile. Kwao faini hiyo ni chai ya asubuhi, kwangu ni msimu mzima. Hiyo ni haki kweli?
*Mwenye meli moja*

Nusu ya malalamiko yako nayabeba, nusu nakurudishia.

Ninayobeba kwanza. Namba zikilingana haina maana haki imelingana. Faini ya mkupuo, isiyoangalia kilichovuliwa wala idadi ya makosa ya nyuma, humpiga mdogo na kumkwepa mkubwa. Kampuni kubwa huiingiza kwenye bajeti kama inavyoingiza mafuta na barafu, ikarudi eneo lile lile mwezi unaofuata. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1995 kuhusu akiba za samaki wanaohamahama yalishaliona hilo: yanataka adhabu iwe nzito kiasi cha kuleta utii na kumnyang'anya mkosaji faida aliyoipata kwa kosa lake. Kipimo kikianzia kwenye faida, mwenye faida kubwa hulipa kikubwa bila mtu yeyote kumwonea. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2008 dhidi ya uvuvi haramu, uliagiza kwamba kiwango cha juu cha adhabu kwa makosa mazito kiwe angalau mara tano ya thamani ya samaki waliopatikana, na mara nane mtu akirudia ndani ya miaka mitano.

Bora zaidi kwa maoni yangu ni pointi za adhabu zinazoandikwa kwenye leseni, kwa sababu pointi hazilipiki kwa pesa. Katika utaratibu wa Ulaya uliowekwa baada ya kanuni ya 2009, kosa zito huipa leseni kati ya pointi 3 na 7. Zikifika 18 leseni inasimamishwa miezi miwili. 36, miezi minne. 54, miezi minane. 72, mwaka mzima. Zikifika 90 leseni inafutwa moja kwa moja. Mwenye kukaa miaka mitatu bila kosa zito anafutiwa zote. Na pointi hazifi meli ikiuzwa, zinahamia kwa mmiliki mpya, kwa hiyo ujanja wa kuuziana meli ndugu kwa ndugu hausaidii. Ukinunua chombo kilichotumika katika mfumo wa namna hiyo, uliza pointi zake kabla hujauliza hali ya injini.

Sasa ninayokurudishia. Unaandika kana kwamba udogo wako ulipaswa kukupunguzia. Eneo hufungwa kwa sababu samaki wanazaa pale au wachanga wanakulia pale, na wavu wa meli moja ukipita humo unasomba vilevile. Mwenye meli moja ana haki ya kuomba alipe kwa awamu, ana haki ya kuonesha kwamba hajawahi kukosa, ana haki ya kuhoji kama mipaka ya eneo ilitangazwa ipasavyo na kama alama za setilaiti zinamwonesha akivua au akipita tu njia (mwendo wa kuburuta wavu ni wa polepole, na unaonekana wazi kwenye rekodi). Haya yote yapeleke kwenye rufaa. Lakini usiende na hoja kwamba wewe ni mdogo, maana mwenye jahazi dogo zaidi yako aliyekaa nje ya mpaka siku ile hana njaa pungufu kuliko yako, na yeye ndiye uliyemzidi ujanja.

Nakuomba pia uombe hati moja: waraka unaoonesha kiwango cha faini kilifikiwaje, kosa limewekwa daraja gani, nia imepimwaje, rekodi yako ya nyuma imehesabiwa vipi. Ofisi inayotoza kwa haki haina sababu ya kuuficha. Ikikuambia huna haki ya kuuona, hiyo pekee ni hoja ya kwanza ya rufaa yako.

Shikamoo Mama. Mume wangu ni baharia wa kawaida, kazi yake ni kutoa samaki kwenye ndoano. Meli yao imeshikwa nchi ya mbali. Ajenti anasema huenda wote wakafungwa, na mwenye meli anasema mishahara ya mabaharia itakatwa kulipia faini. Nina watoto. Nifanye nini?
*Mke wa baharia*

Marahaba binti yangu, na pole sana. Barua yako imenikaa moyoni kuliko zote.

Swali la kwanza la kumuuliza ajenti: walikamatwa wapi, kwa vipimo vya ramani? Maana kila kitu kinategemea hapo. Kama ni katika ukanda wa kiuchumi, yaani nje ya maili 12 za bahari kutoka mwambao hadi maili 200, kifungu kile kile cha 73 kinakataza kifungo kwa makosa ya uvuvi, isipokuwa nchi mbili zinazohusika ziwe zimekubaliana vinginevyo. Kama ni ndani ya maili 12, ile ni bahari ya nchi yenyewe na sheria zake za ndani ndizo zinazotawala. Na kama kuna tuhuma nyingine, mathalani kumshambulia mkaguzi, hiyo si tena kesi ya uvuvi. Msisitize ajenti akupe jibu la mahali kwa maandishi, asikutishe kwa mdomo.

Mabaharia nao wana haki ya kuachiwa, si meli tu. Mwaka 2004, katika shauri la meli Juno Trader iliyozuiliwa Guinea-Bissau, mahakama ya Hamburg iliamuru meli iachiwe pamoja na shehena yake dhamana ikiwekwa, na kwamba mabaharia wawe huru kuondoka bila masharti yoyote. Ilisema pia kwamba wajibu wa kuachia upesi unabeba ndani yake utu wa kawaida na utaratibu wa haki wa kisheria. Mtu anayetoa samaki kwenye ndoano hakuchagua meli ivue wapi. Nahodha ndiye aliyeshika usukani, na mwenye meli ndiye aliyempa nahodha shabaha ya tani.

Kuhusu mshahara: kumkata baharia ili kulipa faini ya meli ni kumfanya maskini alipie uamuzi wa tajiri, na naliita jina lake, ni dhuluma. Mkataba wa Kazi za Uvuvi wa Shirika la Kazi Duniani, namba 188 wa mwaka 2007, ulioanza kufanya kazi mwezi Novemba 2017, unataka wavuvi walipwe mara kwa mara na wapate njia ya kutuma pesa kwa familia zao bila gharama, na kwamba safari ya kuwarudisha makwao iwe juu ya mwenye meli, isipokuwa kama baharia mwenyewe amethibitika kukosa wajibu wake vibaya. Tafuta nakala ya mkataba wa kazi wa mumeo, hata picha ya simu. Halafu angalia kama nchi ya bendera ya meli imeridhia mkataba huo namba 188. Kama imeridhia, malalamiko yako yaende kwa mamlaka ya bendera. Kama haijaridhia, anza na chama cha mabaharia na ubalozi wenu. Andika, usipige simu tu. Simu haina kumbukumbu.

Mama, shikamoo. Mimi ni mkaguzi kijana. Mkuu wetu hupima kazi zetu kwa kiasi cha faini tulicholeta, na pesa hizo ndizo zinazonunua mafuta ya boti ya doria na posho zetu. Naipenda kazi, lakini naona tunavyotafuta makosa badala ya kulinda samaki. Nikisema nitaonekana natetea wahalifu.
*Mkaguzi kijana*

Marahaba mwanangu. Sema. Na ukisema, uwe na mfano mkononi, na mfano upo.

Marekani, taasisi yake ya bahari na anga, NOAA, iliwahi kulaumiwa na wavuvi wa kaskazini-mashariki kwamba inatoza faini kubwa kupita kiasi na zisizolingana na za mikoa mingine. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Biashara akachunguza, na ripoti yake ya Januari 2010 ikaonesha kwamba mawakili wa taasisi walikuwa na uhuru mpana mno wa kupanga faini bila mwongozo wa kutosha, na kwamba mfuko unaopokea pesa za faini na mali zilizotaifishwa ulikuwa umesimamiwa vibaya. Wizara ikamteua jaji mstaafu apitie mashauri ya zamani moja moja. Mwezi Mei 2011 Waziri Gary Locke akaamuru baadhi ya wavuvi na wafanyabiashara warudishiwe pesa, jumla yake ikiwa takriban dola 649,000. Serikali iliyorudisha faini haikuanguka, wala samaki hawakuisha kwa sababu hiyo.

Kilichofuata ndicho cha kumpelekea mkuu wako. Mwaka 2010 walibadili kanuni, ikawa taasisi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wa kumthibitishia jaji kwamba faini iliyopendekeza inafaa. Kabla ya hapo jaji alitakiwa atoe sababu za kuiacha. Mwaka 2011 wakatoa sera ya adhabu kwa nchi nzima, yenye jedwali: upande mmoja uzito wa kosa, upande mwingine kiwango cha nia, kuanzia bahati mbaya, uzembe, kutojali, hadi kusudi. Hapo unapata kiwango cha kuanzia, kisha unaangalia rekodi ya nyuma, kisha unaongeza faida aliyoipata mkosaji. Nahodha yeyote anaweza kukaa na jedwali hilo akafuata kidole chako namba kwa namba.

Jedwali hilo ndilo linalomlinda mkaguzi mwaminifu kama wewe. Bila jedwali, kila faini unayoandika ni neno lako dhidi ya neno la nahodha, na kila nahodha atashuku bahasha. Ukiwa nalo, bahasha haina pa kuingilia, kwa sababu namba imeshajipanga yenyewe.

Pesa za faini ziende hazina ya serikali, na mafuta ya boti yatoke kwenye bajeti iliyopitishwa kabla meli yoyote haijakamatwa. Mkuu wako akikuuliza doria itapimwa kwa nini basi, mwambie ipimwe kwa saa zilizokaa baharini, kwa meli zilizokaguliwa zikakutwa safi, na kwa mashauri yaliyosimama kwenye rufaa. Mkaguzi ambaye faini zake tatu kati ya nne zinafutwa na jopo hajaleta mapato, amepoteza muda wa kila mtu. Anza kwa barua ya ndani, yenye mapendekezo, bila kumtaja mtu. Na hifadhi nakala.

Mama, swali dogo. Mkaguzi alipima macho ya wavu wangu na kipimo chake, akasema ni madogo kuliko yanayoruhusiwa. Alipima macho machache tu karibu na mshono, wavu ukiwa mkavu. Nina haki ya kupinga?
*Nahodha, wavu wa kuburuta*

Unayo, na hapa kosa ni la mkaguzi. Kwa taratibu za Ulaya, ambazo nchi nyingine zimeziiga, wavu hupimwa ukiwa umelowa na haujaganda barafu. Huchukuliwa macho 20 yanayofuatana, yaliyo mbali na mishono na kamba, na yaliyochanika au kushonwa upya hayahesabiwi. Kinachoangaliwa ni wastani, si jicho moja dogo. Wastani ukionekana pungufu, yanapimwa mafungu mengine mawili ya macho 20 ndipo itolewe hukumu.

Omba kipimo kirudiwe ukiwepo, wavu ukiwa umelowa, kila namba ikiandikwa kwa mpangilio wake na wewe ukiandika zako kando. Angalia kipimo chenyewe kama kina alama ya kuthibitishwa, na kama hakina, liandike hilo kwenye sehemu ya maoni ya nahodha kabla hujatia sahihi ripoti.